Nabii wa Kijiwe cha Mahmoudi

Kama hukijui kijiwe cha Mahmoudi, wewe si mutu wa Makiso. Ni benchi moja ya mbao karibu na bandari, pale waendesha toleka wanapoegemeza baiskeli zao asubuhi na kunywa kahawa ya tangawizi wakingoja abiria. Mahmoudi anachemsha na kubisha. Hubert, tunayemwita Dépêche kwa sababu habari humfikia kabla hazijatokea, anakunywa na kubisha. Wa tatu ni Kasongo, ambaye siku hizi anakuja na mdogo wake Israël, mwanafunzi wa chuo kikuu, amempakia nyuma ya toleka yake. Anamkalisha kwenye ngazi za duka lililofungwa, ng'ambo ya barabara, upande wa mto. Pale Israël anaongea na asiyeonekana, anacheka peke yake, anaziba masikio. Na wale watu wazima, Mungu awasamehe, walimpa jina: Nabii.

— Nabii amesema nini leo? Dépêche aliuliza.

— Hajalala tena, Kasongo alijibu, kifua mbele. Usiku muzima anaongea nao. Mpaka lituma ya ndizi ya muke wangu alikatala, akasema iko na sumu. Radio ikiongea, anasema inamutaja yeye. Hiyo si karama?

— Karama gani? Mahmoudi akadakia, birika mkononi. Ni malaria hiyo. Ilipanda kichwani, ikapata kiwanja, ikajenga.

— Aah non! Dépêche alisema. Ni vitabu. Alisoma mingi, kichwa ikajaa, sasa ile ya kuzidi iko inatoka kwa kinywa.

— Basi chuo kizima kingekuwa kinaongea peke yake, Dépêche.

— Bon, niwaambie ya kweli. Chini ya mto kuna bureau, ofisi kabisa. Watu ya maji wanatafutaka secrétaire mwenye diplôme. Huku juu kazi hakuna, kule chini iko. Zile sauti, ni wao wanamufanyia interview!

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Kasongo alicheka pia, lakini aliacha kabla ya wenzake. Mkewe alikuwa amekwisha kuhamia kwa mamake na watoto kwa woga. Kama mambo haya si karama, basi ni wazimu, na neno hilo Kasongo hakuthubutu kulitamka juu ya mtoto wa mamake.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama kando akingoja toleka, akisikia yote. Hakucheka.

— Papa, ule kijana kwa ngazi, ni mugonjwa?

— Si mugonjwa, mama, Dépêche alisema. Ni nabii. Alinitabiria baleinière, ile mashua ya Yanonge, itachelewa, na ikachelewa!

— Ya Yanonge inachelewaka kila siku, Mahmoudi alinong'ona.

— Mimi naitwa Émilie, niko infirmière, muuguzi, natunzaka wagonjwa kama yeye. Halali, anaogopa chakula, anasikia watu wasiokuwapo: ni ugonjwa wa akili ule, na dawa yake iko. Mais muniambie kitu moja. Hizo sauti zinamuambia afanye nini?

Kila mmoja alikuwa amemuuliza Israël mambo yake mwenyewe: mashua, mechi, bei ya samaki. Mambo ya Israël hakuna aliyeuliza.

— Nikimuuliza, si nitaziongeza? Kasongo alisema.

— Haziongezeki, papa. Muulize polepole. Usimubishie, usimucheke.

Kasongo alikwenda akachuchumaa mbele ya ngazi.

— Petit, mdogo wangu, zinakuambia nini?

Israël aliondoa mikono masikioni. Alimtazama kaka yake, midomo imepauka.

— Zinasema niingie mu maji, yaya. Kila siku. Leo zinapiga kelele.

— Na wewe?

— Mimi nakatala. Unanileta hapa, naangalia maji, nakatala. Mais nimechoka, yaya.

Eh, Mungu wangu! Ni Kasongo mwenyewe aliyekuwa akimpakia, kila asubuhi, na kumweka mbele ya mto, kisha anageuka kunywa kahawa. Alimkamata mkono kwa mikono yake yote miwili, akaanza kulia hadharani, mwanaume mzima.

— Mbona hukuniambia, Israël?

— Hukuniuliza.

Émilie alikwisha kufika, simu sikioni, anaita pikipiki ya kuwapeleka hospitali.

— Usimuachilie, papa. Ongea naye tu, mpaka pikipiki ifike.

Kule benchi, kahawa ilikuwa inaungua na Mahmoudi haoni. Dépêche aliinuka. Alivuka barabara, akapita ngazi, akakaa chini kwenye vumbi, kati ya Israël na mto.