Ukanda wa Nyasi wa Bibi Varvara

"Jike asiyeweza kuruka atakimbilia wapi?" Ndivyo alivyouliza bibi yangu, marehemu Varvara Țiplea, katika mkutano wa kijiji tarehe 14 Juni 2009, nanyi, ukumbi mzima, mkatazama viatu vyenu.

Ndugu waombolezaji, Bibi alizaliwa tarehe 3 Machi 1941 hapa hapa Maramureș, nyumba ya juu ya kijito, akasoma hadi darasa la saba, akatolewa shule mwaka 1955 ili kaka zake waendelee, jambo alilolisamehe yeye, mimi bado. Alikausha nyasi za ushirika hadi mwaka 1990, na huko ndiko alikomjua kunguni wa nyasi, mdudu mwembamba ambaye jike wake ana mbawa fupi tu, hutaga ndani ya bua, na mayai hungoja humo mpaka theluji iyeyuke.

Aliolewa na Grigore tarehe 12 Februari 1963, wakajaliwa watoto wawili, Mjomba Nuțu na mama yangu Docia. Mwaka 1974 alifyeka shamba lake lote mpaka ukingoni, mkamsifu kwa usafi, na kiangazi kilichofuata hakuona kunguni hata mmoja, ikachukua miaka mitano warudi. Tangu hapo akaacha bila kufyeka ukanda wa hatua kumi kando ya kijito, akauwekea vigingi, nanyi sifa zikageuka kicheko.

"Mama Kunguni, watoto wamekula?" jirani yetu Mzee Vasalie alimtania kila asubuhi.

"Wameshiba, baba, wewe ndiye mwenye sura ya njaa."

Alianza kuugua moyo Novemba 2023, akafariki juzi, tarehe 24 Juni 2024, akiwa na miaka themanini na mitatu, na hakuna siku aliyowahi kuomba radhi kwa ajili ya ukanda ule. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliooka mikate ya matanga, na wenzake wa ushirika mliobeba jeneza. Lala salama, Bibi.

Kesho mtakuja na miundu mirefu kumfyekea shamba, kama tunavyomfanyia kila anayekufa kabla ya mavuno, na heshima hiyo tunaipokea kwa mikono miwili. Najua mtataka kumaliza kila unyasi ili asiaibike. Lakini kunguni majike wanataga wiki hii hii, na heshima yenu itawamaliza wao na mayai yao. Mzee Vasalie, wewe ndiye utakayetangulia safu. Tafadhali, ukifika kwenye vigingi vya kijitoni, simama.