Jina la Bi. Kananu Kule Kibugu

Bi. Jerusha Kananu anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya kulitumikia Shirika la Tufikiane kwa miaka ishirini na saba. Alipokuja Manyatta, ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea. Anatuacha tukiwa na vyumba vinne, choo chenye mlango mpana, na mteremko wa saruji ambao kiti cha magurudumu kinaupanda bila kusukumwa na watu wawili. Mteremko huo aliudai kwa miaka. Kila mkutano ulipofika kwenye "mengineyo" aliinua mkono, na mwenyekiti aliandika "mteremko" hata kabla hajafungua mdomo.

Alizaliwa Ruiri, katika familia ya wakulima waliofuga pia mbuzi na ng'ombe. Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya matroni katika shule ya bweni ya watoto wasiosikia huko Meru. Hakuwa amefundishwa lugha ya ishara. Watoto ndio waliomfundisha, jioni wakati wa kuoga, na kwa sababu hiyo husema kwamba maneno yake ya kwanza yalikuwa sabuni, maji baridi, na "nani ameniibia taulo".

Kazi ya afisa wa nyanjani, ambayo ndiyo yake, ni rahisi kueleza na ngumu kufanya. Unamtembelea mtu mwenye ulemavu nyumbani kwake, unamsikiliza, mnakubaliana anachohitaji, kisha unakifuatilia ofisi hadi ofisi mpaka kipatikane: kadi ya usajili, nafasi ya shule, magongo, kifaa cha kusikia. Siku anapoweza kuendelea bila wewe, faili yake inafungwa. Hapa kwetu faili ikifungwa, afisa aliyeihudumia huwapikia wenzake chai. Hatuna sherehe nyingine. Bi. Kananu amepika chai nyingi.

Alipika ya Mwendwa, ambaye hakuwa akitoka nyumbani kwa sababu ya miguu yake, na sasa anasuka nywele sokoni akiwa kwenye kiti chake huku wateja wakikaa kwenye kigoda mbele yake. Mteja wa kwanza alikuwa Bi. Kananu mwenyewe. Mistari ilikwenda upande kama matuta yaliyolimwa na ng'ombe mlevi. Hakuifumua. Alikwenda nayo kazini, kanisani na hata kwenye mkutano wa kaunti, na aliyeuliza aliambiwa amesukwa wapi na ni siku gani kuna nafasi. Mwendwa bado huficha uso akikumbushwa.

Tuseme pia kwamba anaogopa bata mzinga. Amewahi kukabiliana na wakuu wa shule na machifu, lakini kuna boma moja ambako kila mara alisimama nje ya lango na kuita, "Mfungeni huyo mzee kwanza!" Baba wa boma alidhani ni yeye anayesemwa, mpaka siku alipoelezwa kwamba ni bata.

Mimi nilianza kusaidia ofisini Februari, baada ya matokeo ya Kidato cha Nne. Bi. Kananu ndiye aliyeomba nifuatane naye. Alisema anapenda kutembea na mimi kwa sababu simchoshi. Ndiyo maana niliona jambo la Runji, ambalo wengine hapa wanalijua nusu tu.

Runji ni mwanamume wa makamo anayechuma majani chai katika shamba la kaka yake, Muriithi, kule Kibugu karibu na msitu. Hasikii tangu kuzaliwa, na hakupelekwa shule. Ishara anazotumia hazifundishwi popote. Alizitunga yeye na mama yake, jikoni na shambani. Mama alipofariki, hakubaki mtu mwingine duniani aliyezijua. Bi. Kananu alimkuta miaka kumi na moja iliyopita, ameketi nyuma ya kibanda cha kupimia majani chai, mikono yake ikiongea yenyewe chini ya koti.

Akaanza kujifunza. Ishara za shule hazikumsaidia, ikabidi aanze upya kama mtoto: mvua, ng'ombe, jana, nimechoka. Tangu hapo, kila baada ya wiki mbili alikwenda Kibugu na wakazungumza mpaka lori la majani chai lilipofika. Siku nyingine zote Runji hakuzungumza na mtu.

Julai tulianza kugawana faili zake. Nyingi zilipata mwenyewe haraka. Ya Runji ilipewa Bwana Njue, ambaye ni mtu mwema na alisema ukweli: "Madam, mimi nitaanzia wapi?"

"Faili nitakupa leo," Bi. Kananu alimjibu. "Lakini mimi ndiye mtu pekee anayeongea naye. Hilo nitamkabidhi nani?"

Tarehe ya kustaafu ilikuwa imeandikwa ukutani, na kila mtu alijua kwamba siku hiyo ikifika, Runji atarudi kuongea na koti lake.

Bi. Kananu aliomba chumba kanisani Kibugu ili awafundishe watu ishara za Runji baada ya ibada. Jumapili ya kwanza walikuja watatu, na mmoja wao alikuwa anatafuta mwavuli wake. Jumapili ya pili tulikaa sisi wawili na viti. Tulipompitia Muriithi alishangaa, wala hakuwa na ubaya wowote.

"Madam, sisi tunaelewana vizuri sana. Nikimwonyesha kikapu anajua ni shamba. Nikimwonyesha sahani anajua ni chakula."

"Na yeye akitaka kukuambia kitu?"

"Kama nini?" Muriithi aliuliza, na nilimtazama nikaona kwamba kweli alitaka kujua.

Mambo yaligeuka Agosti, kwa sababu ya andazi.

Ilikuwa siku ya kupima. Wachumaji walikuwa wamekaa na vikapu vyao kwenye sakafu ya mbao ya kibanda, ukungu umeshuka, lori halijafika. Runji alipofikia mizani alimnyooshea kidole karani, Bwana Mbogo, kisha akalamba kidole gumba. Bwana Mbogo akatoa andazi kwenye mfuko wake wa karatasi na kumpa. Bi. Kananu akamuuliza kwa nini.

"Si ameomba, Madam? Huniomba kila siku. Huyu ana njaa."

"Hajaomba. Amekuita. Hilo ni jina lako."

Akaeleza kwamba Runji humpa kila mtu jina kwa kitu alichokiona kwake, na Bwana Mbogo hulamba kidole gumba kabla ya kukata risiti. Karani akakitazama kidole chake. Kilikuwa njiani kwenda mdomoni.

"Miaka yote hii anakula mandazi yangu kwa kutaja jina langu tu?"

"Na wewe ulitaka akatae?" akasema Mama Kirimi, ambaye ndiye mkubwa wa wanawake pale. Watu walicheka mpaka vikapu vikaanguka. Kisha Mama Kirimi akauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, "Mimi huniitaje?"

Bi. Kananu alisitasita, kisha akampa Runji swali hilo kwa mikono. Runji mwenyewe ndiye aliyejibu: vidole vyake vilifunguka na kufungika kando ya mdomo, vikafunguka na kufungika, na havikusimama.

"Yaani mtu asiyesikia hata neno moja ndiye aliyejua kwamba naongea sana?"

Alikasirika, akahamia mwisho wa foleni. Lakini tuliporudi baada ya wiki mbili, yeye ndiye aliyetusubiri njiani, akitaka kufundishwa namna ya kusema "na wewe pia nyamaza".

Baada ya hapo hatukuhitaji chumba cha kanisa. Kila mtu alitaka kujua ameitwa nani miaka hii yote, na akishajua alitaka kujibu. Walijifunza wakingoja lori, kwa makosa mengi. Mzee mmoja alijaribu kuuliza habari ya ng'ombe, akauliza habari ya mke wa mchungaji. Waliuliza pia Runji mwenyewe anaitwaje. Bi. Kananu akawaonyesha: mama yake alikuwa akipiga kisigino mara mbili kwenye sakafu, naye akahisi na kugeuka. Watu wakapiga visigino kwenye mbao, wote kwa pamoja. Runji akageuka. Alikuwa amezoea kuitwa na mtu mmoja, kwa hiyo hakujua amtazame nani.

Muriithi alikuwa wa mwisho kuuliza. Jina lake ni kiganja kinachopitishwa nyuma ya shingo. Alitaka kujua sababu, akaambiwa kwamba hiyo ndiyo sehemu yake ambayo Runji huiona zaidi. Hakucheka. Siku hizi wanashuka kutoka shambani wakiwa bega kwa bega, ingawa njia ni nyembamba na vikapu vinagongana.

Siku Muriithi alipouliza, tukiondoka nilimuuliza Bi. Kananu, "Na wewe anakuitaje?"

"Twende, tutakosa pikipiki," alisema.

Nililiona jina hilo mwenyewe Septemba. Tulikuwa bado mbali, Runji akatuona, akawageukia wenzake kuwaambia nani anakuja. Akapandisha begani kamba ya mkoba usiokuwepo. Bi. Kananu hufanya hivyo anapoinuka kuaga: huvuta kamba ya mkoba wake mweusi mpaka ikae vizuri begani. Kwa miaka kumi na moja jina lake kule Kibugu limekuwa mtu anayeondoka. Alilijua, na hakumwambia mtu yeyote.

Wiki mbili zilizopita tulikwenda kuaga. Njiani alikuwa akifanya mazoezi ya ishara kwenye mapaja yake, akitafuta namna ya kusema kustaafu, neno ambalo hawakuwahi kulihitaji. Tulipofika, Runji alikuwa katikati ya kisa cha nyani aliyetoka msituni akaiba chakula cha Bwana Mbogo. Alikuwa nyani, kisha Bwana Mbogo, kisha nyani tena. Mama Kirimi alikuwa anaongeza ya kwake kwa ishara zisizo sahihi, na Muriithi anamsahihisha. Runji alituona, akainua mkono, akawaambia wenzake jina la mgeni, kisha akaendelea na nyani.

Bi. Kananu alisimama ukingoni mwa zile mbao akisubiri. Watu walisogea kumpa nafasi, lakini hakukaa. Kisa kilipopoa kidogo alipiga kisigino mara mbili. Akamwonyesha nywele zake nyeupe, kisha kwa mikono mlango unaofungwa kwa ufunguo. Runji alielewa. Akauliza nani atakuja. Bi. Kananu hakumwonyesha Bwana Njue, wala mimi. Aliwaonyesha wale waliokaa pale. Runji akawatazama mmoja baada ya mwingine, akamtaja kila mmoja jina lake, kidole gumba, mdomo, shingo, kana kwamba anahakikisha wametimia. Kisha Mama Kirimi akamvuta koti, maana alitaka kujua nyani alifanyaje na sufuria.

Tuliondoka kabla kisa hakijaisha. Kwenye kona ya chini Bi. Kananu alisimama, akageuka, akatazama juu kwa muda. Hakuna aliyekuwa anatutazama. Akavuta kamba ya mkoba begani.

"Sasa faili inaweza kufungwa," alisema.

Ofisini wengine walikuwa kwenye mafunzo Embu mjini. Alipika chai hata hivyo, sufuria nzima kama kawaida, na tukainywa sisi wawili. Aliniambia kwamba hawajui majirani zake wa Ruiri. Mume wake alifariki zamani, mwanawe yuko ng'ambo, na yeye miaka yote hii, kila alipokwenda, amekuwa akifika kule giza limeingia na kuondoka alfajiri, kwa sababu kulikuwa na watu wa kuwatembelea. "Sijui hata nitaanza kubisha kwa nani," alisema. Nilitamani kumjibu, lakini mimi si mwepesi wa kusema. Mkurugenzi alipotafuta mtu wa kuandika kurasa hizi, niliinua mkono, na nadhani alishangaa.

Jumanne hii nilikwenda Kibugu na Bwana Njue. Runji aliuliza mwenye mkoba atakuwa wapi. Nilimweleza kwa ishara chache nilizonazo: nyumbani, mbali, mlima uko katikati, peke yake. Ile ya mwisho ilibidi niirudie, kwa sababu alitaka kuwa na hakika. Akafikiri. Kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa mpaka Mama Kirimi aliponisaidia. Alishusha begani ule mkoba usiokuwepo, akauweka chini, akaketi kando yake, akapigapiga mbao kwa kiganja. Akafanya hivyo tena akinitazama usoni, ili nisisahau.

Bi. Kananu, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Tufikiane na wote uliowapikia chai, asante. Asante kwa mteremko, kwa mistari ya Mwendwa, na kwa kutembea na mimi. Bwana Mbogo anasema lori huchelewa sana siku za Jumanne na Ijumaa, na mandazi yapo. Tunakuombea afya njema na majirani wenye maneno mengi huko Ruiri. Na ukija Kibugu, watakuita kwa jina jipya, lile la kuketi. Mkoba uache nyumbani.

Wamuyu
Msaidizi wa ofisi, Manyatta