Pamba Iliyojaa Sebuleni kwa Amoni Luhaga

Marehemu Amoni Luhaga alizaliwa njiani, tarehe 9 Agosti 1944, wazazi wake wakihamisha ng'ombe kutoka Nyalikungu kwenda Migato. Walifika kesho yake, mahali wasipomjua mtu. Mwenye boma la kwanza aliwapa maziwa kabla ya kuwauliza walikotoka.

Alisoma Migato hadi darasa la nne, kisha akajifunza ushonaji misheni. Mwaka 1969 alifungua chumba cha cherehani Somanda, mjini Bariadi, akishona sare kwa vitambaa vya viwanda vya nchini. Mwaka 1971 alifunga ndoa na Apolonia. Walilima pamba, naye alipenda kutania kwamba shati analoshona huenda alilipalilia mwenyewe.

Biashara ilipofunguliwa na nchi kuingia katika soko la pamoja la nchi za Afrika, nguo za nchi wanachama zilipunguziwa ushuru. Wachuuzi walisema hata vitambaa vya visiwa vya ng'ambo, vinavyotawaliwa na mataifa ya mbali, vilipitishwa kwanza nchi mwanachama ili vipate punguzo hilo, vikafika Bariadi kwa bei ya chini.

Mwaka 1995 kwaya ilimletea kitambaa cha aina hiyo awashonee sare. Kwa mazoea ya pamba, aliongeza upana na urefu ili nguo ikifuliwa na kurudi, yaani kupungua, iwatoshe. Haikurudi hata kidogo. Jumapili kwaya iliingia kanisani mikono ikiburuzika, na mwalimu wao, Veronica, akamuuliza, "Baba Milembe, umetushonea mahema ya mkutano?"

Alicheka kuliko wote. Nyumbani alimwambia mkewe, "Hii haina pamba, mama Milembe. Watu wakiizoea, ya kwetu ataichukua nani?"

Wateja walihamia nguo za dukani. Mwaka jana alifunga chumba, akarudi shambani. Msimu huu gari la mnunuzi lilipita Migato, likachukua pamba kidogo, dereva akaahidi kurudi. Marehemu aliingiza pamba sebuleni, akawa analala juu yake kuilinda isishike moto. Vumbi likamshika kifua. Daktari alimkataza kulala humo. Alijibu kwamba gari likija lazima limkute. Alifariki tarehe 14 Novemba 1998.

Ameacha mjane, watoto watatu, Milembe, Marcelo na Anatoli, na wajukuu saba.

Jana jeneza lilikosa nafasi sebuleni, likalazwa uani chini ya turubai. Mama Milembe aliuliza kama gari limepita. Baba anaondoka leo. Sisi tunabaki na pamba, na mvua imeshafika Migato.

Bwana ampe pumziko.