Marehemu Joseph Maroa Nyamohanga, Bondia Aliyengoja Jua Litue

Wasifu huu umeandikwa na familia, na utasomwa na dada yake mkubwa, Bhoke, hapa nyumbani Mabera, Jumapili tarehe 19 Septemba 1999.

Wengi wenu mmetuuliza tangu juzi kwa nini tunazika Jumapili, wakati watu wote wa huku huzika Jumamosi. Wageni wa Nairobi walitaka leo wawe njiani kurudi kazini, na padri ametukumbusha kwa upole kwamba Jumapili ana misa tatu na mwili mmoja. Tunawashukuru wote mliovumilia. Sababu ipo, nayo tutaifikia mahali pake, kwa maana haieleweki bila maisha ya Maroa.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1965 hapahapa Mabera, mtoto wa tatu wa hayati Mzee Nyamohanga na Mama Gati. Alibatizwa akiwa na umri wa miaka miwili. Mama husema alilia kanisani mpaka wimbo ukakatizwa, na kwamba ile ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumsikia akilia mbele za watu. Mama husahau kidogo. Maroa aliogopa sindano kuliko alivyomwogopa fisi, na siku wauguzi walipokuja shuleni kuchanja watoto, alipanda juu ya dari ya stoo ya majembe akakaa huko hadi gari lao lilipoondoka. Siku zake zote aliweza kupigwa ngumi ya uso bila kupepesa macho, lakini akiona sindano aligeukia ukutani.

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1980. Alifika kidato cha pili, baba akafariki, na masomo yakaishia hapo. Hakuwa mwanafunzi hodari na hatutasema uongo mbele ya jeneza lake. Hesabu alizijua, insha hazikumpenda.

Mwaka 1984 alikwenda mjini Migori kufanya kazi kwenye bucha ya mjomba wake, na baada ya miaka minne bucha ile ikawa yake. Nyuma ya bucha palikuwa na mti, na juu ya mti akaning'iniza gunia la mchanga. Akimaliza kuuza nyama alilipiga gunia lile hadi giza liingie. Majirani walimtania kwamba mchana anampiga ng'ombe na jioni anapiga kivuli cha ng'ombe. Kumbe ndiyo ilikuwa shule yake ya pili, na hii hakuiacha njiani.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na Teresa Robi katika kanisa Katoliki. Mungu aliwajalia watoto watatu: Emmaculate, Elvis na Scovia. Ilikuwa ndoa ya watu wanaotaniana. Teresa alisema aliolewa na mtu mwenye harufu ya nyama na jasho, akaizoea nyama kwanza.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo hata watoto wa shule hapa wanalijua kwa nusu nusu, na kila mtu ana nusu yake.

Siku ya Jamhuri, Alhamisi tarehe 12 Desemba 1991, Maroa alipigana mjini Migori na bondia wa Homa Bay aitwaye Onchiri, Mkisii aliyekuwa akiuza mitumba Homa Bay na kwenye soko la Rangwe. Walikuwa wanagombea ubingwa wa South Nyanza, uzito wa welta. Katika raundi ya pili Onchiri alipasuka juu ya jicho la kushoto, damu ikamziba, refa akasimamisha pambano na Maroa akapewa ubingwa. Watu wa Migori walimbeba mabegani hadi buchani. Watu wa Homa Bay waliondoka wakisema wameibiwa, kwamba kilichompasua mtu wao ni kichwa. Usiku ule Teresa alimwuliza, naye akageukia ukutani kama aliyeona sindano.

Miezi iliyofuata maneno yalizidi. Wilaya ilikuwa inagawanywa, Migori upande wake na Homa Bay upande wake, na kila upande ulitaka ubingwa ubaki kwao kabla ya kuachana. Marudiano yakapangwa kufanyika Homa Bay mwezi Agosti 1992. Pakaongezeka jambo lililowafanya wote wawili wasilale vizuri: mwalimu wa ngumi wa kikosi kimoja cha serikali angekuja kutoka Nairobi, na mshindi angeajiriwa. Kazi ya serikali, nyumba, sare, na ngumi kila siku. Teresa alikuwa na mimba ya Elvis. Alikuwa ameshaanza kuwaaga majirani kwa mzaha, na mzaha wake ulikuwa na ukweli mwingi ndani.

Pambano lilikuwa liwe Jumapili. Wiki moja kabla, mwalimu yule wa Nairobi akasema Jumapili hatakuwepo, na waandalizi wakalirudisha nyuma siku moja, Jumamosi tarehe 15, saa kumi na nusu jioni. Hakuna aliyekumbuka kwamba Onchiri ni Msabato. Au walikumbuka, wakadhani kazi ya serikali itamsahaulisha. Onchiri alituma ujumbe kwamba atakuja Sabato ikiisha, yaani jua likitua. Waandalizi walicheka, wakasema jua halimo katika sheria za ngumi.

Tulikwenda kwa lori, Teresa na Bhoke na wazee wa ukoo na nusu ya soko la Migori. Uwanja ulikuwa umejaa. Saa ilipofika Maroa akapanda ulingoni, jina la Onchiri likaitwa, na kona yake ikabaki na stuli tupu. Likaitwa tena. Watu wetu wakaanza kushangilia, maana ushindi wa mezani nao ni ushindi. Refa akamshika Maroa mkono ili auinue.

Maroa akauvuta mkono wake, akaweka yote miwili nyuma ya mgongo.

"Refa, ngoja," alisema, na alisema kwa sauti ili wote wasikie. "Desemba huyu mtu nilimpasua na kichwa, si ngumi. Refa wa hiyo siku hakuona, lakini mimi nilijua. Nikimshinda tena leo juu ya kalenda, nitakuwa nimemshinda mara mbili na sijampiga hata moja. Hiyo jua bado iko juu. Mimi nitangoja."

Akakaa kwenye stuli yake. Uwanja mzima ukapasuka kwa kelele. Watu wa Homa Bay walipiga makofi. Wetu walimtukana kwa lugha zote tunazozijua. Baba mdogo, Mzee Wangwe, alisimama chini ya kamba akamwuliza kama amerogwa, kama hajui mke wake yuko katika hali gani, kama kazi ya serikali huokotwa njiani. Maroa alimjibu kwa heshima kwamba anajua yote. Mwalimu wa Nairobi alitazama saa yake, akanung'unika, akakaa. Tunadhani naye alitaka kuona mwisho wake.

Upepo wa ziwani ulianza kuwa baridi. Mwili uliopashwa moto kwa ajili ya saa kumi na nusu ulikuwa unapoa, na kila ajuaye ngumi aliona hatari hiyo. Teresa ndiye aliyekuwa na mengi ya kupoteza kuliko sisi sote tuliokuwa tunapiga kelele. Alifungua leso aliyojifunga, ya maua mekundu, akapanda hatua mbili kwa shida na tumbo lake, akamfunika mumewe mabegani. Watu walicheka kumwona bingwa amekaa ulingoni na leso ya mkewe. Yeye akaivuta vizuri shingoni, akaendelea kutazama jua.

Lilipozama nyuma ya vilima, Onchiri alitokea akikimbia, amevaa suti ya kanisani, mkewe Orpah nyuma yake amebeba Biblia na begi la glavu. Madereva wa malori mawili waliwasha taa wakaelekeza ulingoni.

Wahenga wanasema subira huvuta heri. Ya Maroa ilivuta ngumi. Raundi ya kwanza alijitahidi, ya pili walilingana, ya tatu miguu ikawa mizito. Onchiri alimpata kwa mkono wa kulia, Maroa akapiga goti, akahesabiwa hadi nane, akainuka. Alimaliza akiwa amesimama. Majaji wawili kati ya watatu walimpa Onchiri. Kabla matokeo hayajatangazwa, mabondia wenyewe walikumbatiana, na Maroa akaligusa kovu lililokuwa juu ya jicho la mwenzake, polepole, kwa glavu. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na kwa kipimo hicho tulikuwa na mshindani mmoja tu ndani ya lori letu usiku ule. Sisi wengine tulirudi tumenuna.

Ilimgharimu. Kwa wiki nyingi wateja walipita mlango wake wakaenda bucha ya jirani. Elvis alizaliwa Oktoba, na nyumba ya Nairobi haikutajwa tena. Halafu habari zikaja zilizouma kuliko kushindwa: Onchiri alikwenda Nairobi, akaambiwa mazoezi na mapambano mengi ni Jumamosi, akarudi Homa Bay kuuza mitumba. Nafasi ile alikuwa ameshapewa kijana wa Kisumu. Basi kazi iliyomponyoka Maroa haikumfaa hata yule aliyemngojea. Tuliomjua tuliona alikasirika. Alilipiga gunia lile mpaka likapasuka.

Siku moja mwezi Novemba Onchiri mwenyewe akaingia buchani Migori, na watu waliokuwa wanakula nyama choma wakaacha kutafuna. Maroa alikuwa ameshika kisu cha kazi, akakiweka chini.

"Ungeniambia mapema hiyo kazi huitaki," alisema.

"Kazi nilitaka, ndugu yangu. Nilitaka sana," Onchiri akajibu. "Ni Jumamosi wanataka, na Jumamosi si yangu. Sasa ningewapatia aje?"

Maroa akamwuliza atakula mbavu au atakula paja. Onchiri akala paja. Wengi wameuliza kwa nini hawakupigana mara ya tatu. Walipoulizwa wenyewe walicheka tu. Badala yake walianza kufundisha vijana ngumi pamoja, Jumapili moja Migori baada ya misa, Jumapili nyingine Homa Bay, na somo la kwanza la Maroa kwa kila kijana lilikuwa namna ya kupigana bila kutanguliza kichwa.

Ugonjwa ulianza mwaka 1997 kwa kuvimba miguu. Ilipogunduliwa kwamba ni figo, ulikuwa umeshapiga hatua. Alilazwa Homa Bay mara kadhaa, akatunzwa vizuri, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa waliomchoma sindano huku Teresa akimshika mkono na yeye akitazama ukuta. Orpah alimletea uji kila siku. Onchiri alikaa naye kitandani, hata Jumamosi. Maroa alipomchokoza kwamba leo Sabato, mbona yuko hospitali, alijibiwa kwamba kutembelea mgonjwa si kazi. "Kukupiga ndiyo ilikuwa kazi," Onchiri alimwambia, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka.

Mwezi uliopita, akiwa ameshachoka, Maroa aliwaita Teresa na Bhoke. Hakuzungumzia bucha wala shamba. Alisema, "Msinizike Jumamosi. Huyu Msabato atakuwa kanisani. Na mimi nikiwa ndani ya sanduku, siwezi kuwaambia mngoje."

Alifariki Jumanne tarehe 14 Septemba 1999, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Teresa. Uchungu wetu ni mkubwa. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na sisi tulikuwa bado tunamhitaji.

Wazee walipokaa kupanga mazishi, wote walisema Jumamosi, na Teresa akasema hapana. Walibishana naye mpaka Mzee Wangwe, yuleyule aliyesimama chini ya kamba akimwuliza Maroa kama amerogwa, akainua fimbo yake. Alisema, "Basi tungoje. Kumngojea huyu mtu tumeshazoea." Akajifuta macho, na mjadala ukaishia hapo.

Jana jua lilipotua, Onchiri na Orpah waliondoka Homa Bay. Leo asubuhi Mama Gati alipofungua mlango aliwakuta wamekaa nje kwenye benchi, wakisubiri nyumba iamke. Mama aliwauliza kwa nini hawakubisha hodi. Onchiri alimwambia kwamba safari hii zamu ya kungoja ilikuwa yake.

Marehemu ameacha mama yake, Mama Gati. Mjane wake, Teresa Robi, ambaye mnamwona amejifunga leso ya maua mekundu na sasa mnajua kwa nini. Watoto wake Emmaculate, Elvis na Scovia. Dada yake Bhoke na ndugu zake. Baba mdogo, Mzee Wangwe. Na wajomba, shemeji na marafiki wengi. Ameacha pia Onchiri. Familia haikujua imwandike chini ya ndugu au chini ya marafiki, ikaonelea asimame peke yake, na ndiye atakayeshika jeneza upande wa kichwa.

Maroa, mwenzako amefika. Pumzika sasa kwa amani, hakuna unayemngoja tena.