Kocha Protus Wabwile, Ambaye Hakuuza Mechi

Siku Levi alipomwona marehemu kwa mara ya kwanza, aliona viatu kabla ya uso. Ilikuwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 30 Machi 1997, nyumbani kwa kina Levi huko Kanduyi. Protus Wabwile alikuwa amekuja na wazee watatu kumposa Nasambu, dada yake Levi, na Levi ndiye aliyepewa jagi na beseni awanawishe wageni. Levi ni mtu wa haya tangu utoto. Alizunguka na maji macho yakiwa sakafuni, hata alipofika kwa kijana ambaye wilaya nzima ya Trans-Nzoia ilikuwa ikimwita Shoka kwa sababu ya mguu wake wa kushoto.

"Shemeji, umeangusha sindano?" Protus akamuuliza.

Levi akasema hapana.

"Basi inua kichwa, bana. Mwenye kuogopa leo ni mimi, si wewe."

Wazee wakacheka. Levi akainua kichwa kidogo, akammwagia maji kwenye magoti. Hivyo ndivyo urafiki wao ulivyoanza, na ulidumu miaka ishirini na saba na zaidi.

Kwa kawaida wasifu husomwa na mtu wa ukoo wa marehemu. Huu unasomwa na shemeji yake, Levi, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo, na wazee wa ukoo wakakubali.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1973 hapa Tongaren, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Kizito Wabwile na Mama Roselyne, ambaye tunaye hapa leo. Alisoma shule ya msingi papa hapa kijijini, kisha akaenda sekondari Kitale, ambako alimaliza mwaka 1992. Mama anasema alikuwa mtoto mtiifu kwa kila jambo isipokuwa moja. Mwezi wa Agosti 1988 alipotahiriwa na vijana wa rika lake, waliambiwa watulie mpaka wapone. Wiki ya pili baba yake alisikia kelele nyuma ya zizi. Akaenda, akamkuta Protus amejifunga shuka kiunoni, amesimama golini, anawaelekeza wadogo zake jinsi ya kupiga mpira.

"Si umeambiwa ulale?" Mzee akamuuliza.

"Baba, mimi sichezi. Mimi ni kocha."

Mwaka 1993 alijiunga na timu ya Wavunaji ya Kitale. Alikuwa mfungaji bora wa timu hiyo mwaka 1995 na tena 1997, na mara mbili aliitwa kwenye kambi ya timu ya taifa. Mzee Kizito hakuweza kwenda uwanjani kila mara kwa sababu ya ng'ombe. Siku za mechi alining'iniza redio kwenye mlango wa ghala la mahindi na kukataza mtu yeyote kukohoa. Marehemu alifunga ndoa na Nasambu tarehe 12 Desemba 1998, na timu yote ilihudhuria harusi. Mwenyekiti wa Wavunaji alikuwa mgeni wa heshima. Alikula, akacheza, akasema Protus ni kama mwanawe.

Sasa wasifu huu unafika mahali ambapo familia iliombwa isifike.

Jumamosi tarehe 16 Oktoba 1999 Wavunaji walikuwa na mechi nyumbani Kitale. Timu ya wageni ilikuwa inashuka daraja, na isingepona bila kushinda siku hiyo. Mwenye timu hiyo alikuwa rafiki wa mwenyekiti. Kabla ya mechi, mwenyekiti aliingia chumba cha kubadilishia nguo, akafunga mlango, akasema, "Vijana, leo hatuna haraka na ushindi. Wenzetu wana shida. Mnanielewa?"

Protus akasema, "Mwenyekiti, mimi sijui kushindwa kwa makusudi. Nitoe."

Akavua jezi, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya benchi. Yote haya aliyasikia mlinda lango Kipkemei, mtu wa Kapsokwony, ambaye alikuwa anafunga kamba za viatu hatua chache kutoka hapo. Kipkemei yuko hapa, kati ya watu waliobeba jeneza. Aliyasema haya mwaka ule ule, na timu ikamfukuza.

Wavunaji walifungwa moja bila. Watu wakawa na hasira, wakapiga kelele wakiuliza Shoka yuko wapi. Ndipo mwenyekiti akachukua kipaza sauti akawaambia, "Msiniulize mimi! Mumuulize Protus amekula pesa ya nani!"

Hayo tu. Lakini kesho yake mchana watu walifika hapa Tongaren wakiimba. Mahindi yalikuwa yamevunwa, ghala limejaa mpaka mlangoni. Waliliwasha moto mchana kweupe, na redio ya Mzee ikaungua ikining'inia. Ni jirani mmoja tu, Mama Nasike, aliyekuja na debe la maji. Wengine walisimama barabarani na kutazama. Wapo baadhi yao chini ya mahema haya leo, na chakula watapewa kama wageni wengine.

Jumatatu iliyofuata, Mama Roselyne alizomewa sokoni akiwa amebeba mboga. "Mama ya muuza mechi! Utatuuzia na hiyo sukuma?" Alirudi nazo zote. Mzee Kizito hakununua redio nyingine. Alikufa Februari 2001, na mpaka siku anakufa hakuna mtu wa Wavunaji aliyekuja kumwambia kwamba mwanawe hakuuza kitu.

Marehemu aliondoka Kenya Februari 2000. Rafiki mmoja alimtafutia nafasi ya majaribio Ndola, nchini Zambia. Alicheza huko mpaka 2008 goti lilipokataa. Akasomea ukocha, akaanza na vijana, na mwaka 2012 akapewa timu kubwa. Alishinda kombe mara mbili. Lakini wachezaji wake waliokuja kumzika, ambao wamesafiri kwa basi siku nyingi, hawakutuambia habari za makombe. Walitueleza sheria yake moja. Mchezaji akishtakiwa jambo lolote, ilibidi mshtaki aseme mbele ya timu yote, mshtakiwa akiwapo, na mshtakiwa ajibu kabla mtu mwingine hajafungua mdomo. Mmoja wao alisema kuna viongozi waliomwogopa kocha kwa sababu ya sheria hiyo. Tunaamini.

Nasambu alimfuata Ndola, na huko wakajaliwa Everlyne na Ian. Kila Desemba walikuja nyumbani. Watu walimsalimia marehemu vizuri, ila aliyajua macho yao. Alipopita kwenye mashimo ya nguzo za lile ghala, alikuwa anasimama kidogo. Hakutaka lijengwe tena. Levi alipomwambia siku moja amsaidie kulijenga, alisema, "Acha shemeji. Bado kuna mtu hajayaona mashimo haya."

Jumamosi tarehe 22 Desemba 2018 alileta timu yake kutoka Zambia kucheza mechi ya kirafiki na Wavunaji katika uwanja wa Kanduyi. Mwenyekiti ndiye aliyemwalika. Alidhani marehemu amesahau. Levi alikaa benchi siku hiyo, akiwa ameshika chupa za maji, na aliyasikia mwenyewe.

Bao la kwanza lilipoingia, marehemu alisema polepole, "Hilo ni la Mzee."

La pili: "La mama."

La tatu: "La Kipkemei."

Kipindi cha pili msaidizi wake akamwambia, "Kocha, tatu zinatosha. Hawa ni wenyeji wetu."

"Ni wenyeji wetu kweli," akajibu. "Waambie vijana waongeze."

La nne likaingia. "Hilo la ghala."

Zikiwa zimebaki dakika chache, la tano likaingia. Levi akauliza hilo ni la nani sasa.

"La Mama Nasike. Si alituletea debe?"

Mechi ilipoisha, mwenyekiti alishuka kutoka jukwaani na mpiga picha wake, akanyoosha mkono. Marehemu hakuushika. Alimuuliza, "Mwenyekiti, kile kipaza sauti cha Kitale kiko wapi? Leo watu wamejaa. Waambie ukweli."

Mwenyekiti akacheka. "Kocha, hayo si yalipita zamani?"

"Kwako yalipita. Kwetu yaliungua."

Akaweka mkono mfukoni na kwenda kwa vijana wake. Wapo watu waliosema alikuwa na kiburi. Familia inasema alikuwa amengoja miaka kumi na tisa.

Mwezi wa Agosti 2023 sauti yake ilianza kukwaruza. Alidhani ni kelele za uwanjani. Novemba madaktari wa Ndola walipata saratani ya koo, na Januari 2024 alirudi nyumbani, akatibiwa Eldoret. Baada ya upasuaji wa mwezi wa Juni alibaki na sauti ndogo sana, ya kunong'ona. Mtu aliyeweza kumwamrisha beki wa upande wa pili wa uwanja hakuweza kumwita mkewe kutoka jikoni. Basi akavaa filimbi yake shingoni. Filimbi moja ni chai. Mbili ni Nasambu. Filimbi ndefu ni kwamba mgeni amekaa mno. Nasambu alimhudumia bila kuchoka, na familia inamshukuru mbele yenu wote.

Marehemu alifariki Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake hapa Tongaren, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Ameacha mjane, Nasambu. Watoto, Everlyne na Ian. Mama yake, Roselyne. Wadogo zake wawili na dada yake mmoja. Shemeji yake, Levi. Rafiki yake, Kipkemei. Na wachezaji wengi ambao hakuwahi kumwambia hata mmoja wao ashindwe. Mungu amlaze palipo patulivu, na jina lake lilale safi pamoja naye.

Limebaki neno la udongo.

Juzi Alhamisi, watu wakisimamisha mahema, mwenyekiti alikuja hapa na kumvuta Levi kando. Akamwambia, "Levi, wewe ni mtu mpole, si kama wengine. Hiyo mambo ya tisini na tisa, si tuiache ilale na yeye? Mimi nitaleta kombe, liitwe Kombe la Protus. Wewe niweke tu nirushe udongo baada ya watoto. Kuna watu wa picha watakuja."

Levi alitazama chini, kama anavyotazama siku zote. Mwenyekiti akampiga bega na kuondoka akiwa ameridhika. Alikosea. Wasifu huu ulipelekwa kuchapishwa Bungoma jana jioni, maneno yake hayo yakiwamo, na sasa uko mikononi mwenu, na mikononi mwake.

Katika ukoo huu, mtu mwenye neno baya na marehemu hagusi udongo wa kaburi lake mpaka alitoe neno hilo mbele ya watu. Wazee walikaa jana na kusema sheria hiyo haitapindishwa kwa sababu ya kombe. Basi mwenyekiti, kipaza sauti ndicho hiki. Ulikishika siku moja Kitale, na ghala likaungua. Kishike leo. Sema mbele ya Mama Roselyne kwamba Protus Wabwile hakuuza mechi, na kwamba ulijua. Ukisema, utachukua udongo kama watu wengine. Usiposema, utakaa kwenye kiti hicho cha mbele ulichochagua, na watu wote watapita mbele yako wakienda kuzika, na mikono yako itabaki safi.

Siku ya Jumamosi, kesho yake ikiwa siku aliyofariki, Levi alikaa na marehemu kitandani akamsomea karatasi hii kama ilivyokuwa wakati huo. Ilikuwa imeandikwa "mwenyekiti" kila mahali. Marehemu akapiga filimbi kidogo, akamwonyesha asogee. Akataka jina liandikwe. Levi akasema hataweza kulisoma mbele ya watu wengi hivyo, mwenyekiti mwenyewe akiwa amekaa pale. Marehemu akacheka bila sauti. Kisha akalala mpaka asubuhi, na hakusema tena na Levi.

Jina limeandikwa. Ni Jairus Munialo.

Na maneno ambayo marehemu alimwambia Levi, baada ya kucheka, mdomo ukiwa karibu na sikio lake, ni haya:

"Soma polepole, shemeji. Na ukifika kwa jina lake, inua kichwa, umtazame."