Kola ya Mahameli

Ndani ya treni, karani alikuwa amefungua gazeti, lakini masikio yake yalikuwa kwenye kiti cha mbele, ambako fundi cherehani alikuwa amepakata kijibwa chake. Kijibwa kilikohoa mara moja.

"Huyo ana mfupa kooni, mwanangu," alisema dereva mstaafu aliyeketi kando ya fundi, ambaye hakuna aliyemuuliza. "Mnyweshe mafuta."

"Mfupa gani, baba! Alikuwa akikohoa kama bata bukini. Nikadhani ni baridi, nikamshonea kola ya mahameli. Akazidi kukohoa, nami nikazidi kuongeza kitambaa kwa ndani."

"Kumbe ulikuwa unamkaba."

"Kwa mapenzi, baba! Daktari wa mifugo alimgusa koo kwa kidole kimoja tu, mbwa akakohoa papo hapo. Akaniambia bomba la hewa la vijibwa hivi ni laini, hunywea likibanwa. Sasa ninamfunga mkanda wa kifuani. Jana alipanda ngazi mwenyewe. Yule daktari, Mungu amzidishie!"

"Hata hivyo, mafuta hayadhuru."

Treni ikasimama. Karani akashuka huku akilegeza tai, ambayo mkewe humfunga kila asubuhi kwa mapenzi tele.