Picha za Ubao Wangu

Mheshimiwa Mwakilishi wa Ofisi ya Elimu, Mama Mkurugenzi Capitoline, wachungaji wetu, ndugu wazazi mliotoka Lilongwe na ninyi wa hapa hapa kambini Dzaleka, na ninyi wanafunzi mliokaa chini kwa kukosa viti: zikomo, asanteni, karibuni.

Leo nimepewa kazi mbili: kuwaaga baada ya miaka kumi na saba ya ualimu, na kufungua chumba hiki chenye vishikwambi vinavyokuza maandishi na kumsomea mtoto kwa sauti. Mama Mkurugenzi ameniita baba wa chumba hiki. Jina hilo silistahili, na nitawaambia kwa nini.

Mimi Mwalimu Lwaboshi mnanijua: mkali, saa zote kifutio mkononi. Miaka minane iliyopita, darasa la sita, nilikuwa na mwanafunzi anaitwa Gentille. Kila nilipoandika alimnong'oneza jirani yake, "Ameandika nini?" Nikamwona msumbufu, nikamhamishia benchi la nyuma. Huko akaanza kuja na simu ya mama yake, anainyoosha kuelekea ubaoni. Simu darasani ni marufuku, nikamnyang'anya. Mama yake, Rosalie, fundi cherehani, alikuja kuniomba dakika moja anieleze jambo, nikamkata kauli: "Sheria ni sheria, mama. Rudi mwisho wa muhula." Muhula ulipokwisha Gentille alikuwa ameshaacha shule, na familia imehamia Lilongwe, mtaa wa Area 25. Je, niliuliza kwa nini? Sikuuliza.

Mwezi jana, nikisafisha droo ili nikabidhi ofisi, niliikuta simu ile. Nikaichaji. Ndugu zangu, nilitegemea kukuta michezo na miziki. Nilikuta picha mia mbili na zaidi, zote za ubao wangu. Sehemu, desimali, mito ya Malawi, mwandiko wangu umekuzwa mpaka neno moja linajaza kioo. Mtoto alikuwa haoni mbali, basi. Alijitafutia peke yake kile ambacho leo sisi tunakikatia utepe. Katika picha ya mwisho upo mkono wangu na kifutio, nusu ya somo imeshafutika. Nililia, na sioni haya kuwaambia.

Nilimtafuta wiki mbili. Nilimkuta huko Lilongwe, soko la Tsoka, anauza nyanya, kila moja anaileta karibu na jicho kabla ya kuipanga. Nilipomsalimia tu, akaijua sauti. "Njo weye, Mwalimu? Ile somo ya mwisho, ulifuta mbele nimalize." Kwamba nilifuta kabla hajamaliza, hakulisema kwa hasira. Afadhali angenitukana. Nikamrudishia simu, nikamwomba aje leo, awe wa kwanza kukaa humu. Akanijibu, "Mwalimu, mi niko na batoto babili sasa. Nani atauzisha hizi nyanya?"

Walimu vijana mnaobaki, vifaa mmepata. Gentille naye alikuwa na kifaa, na hakikumfaa kitu mbele ya mtu kama mimi. Ulizeni kwanza. Na kabla hamjafuta ubao, subirini aliye nyuma kabisa aseme amemaliza.

Kile kiti cha dirishani mnachokiona kitupu ni chake. Nimekuwa nikikitazama tangu sala ya kufungua.

Mheshimiwa, ndugu wageni, asanteni kwa kunisikiliza muda wote huu. Mama Rosalie aliniomba dakika moja tu, sikumpa.